Kikomo cha Mishahara Hakitaiokoa Garissa

Mjini Garissa, filimbi ya mwisho haimalizi ubishi wa soka. Mechi ya jioni ya Ligi Kuu ya Uingereza hukatizwa na adhana ya Magharibi, watu wakaenda kuswali, na wakirejea kwenye vibanda vya video na chai yao ya maziwa ya ngamia, mada huwa imeshahama kutoka mabao hadi pesa. Nani kasajiliwa kwa kiasi gani? Mkataba wa fulani unaisha lini? Na yule anayelipwa mamilioni kukalia benchi ataondolewa na nani?

Wapo wanaoamini dawa ya haya yote inajulikana. Mara nyingi huwa wameisikia kwa ndugu walioko Minnesota, jimbo lenye Wasomali wengi kuliko jimbo lingine lolote la Marekani. Huko, wanasema, kuna ligi ya magongo ya barafuni, NHL, ambako jumla ya mishahara ya kila klabu imewekewa kikomo. Tajiri hawezi kumnunua kila mtu. Kenya ikiiga mtindo huo, hoja inaendelea, Gor Mahia, Kenya Police na wenzao hawatakuwa wakivuna kila kipaji, na siku moja klabu ya Garissa, Wajir au Mandera itasimama nao kifua kwa kifua.

Ni hoja tamu, na wanaoitoa wana nia njema. Ila imepotoka tangu hatua ya kwanza, kwa sababu inamchukulia mwenye klabu kuwa ndiye mtetezi wa mnyonge.

Kikomo cha NHL hakikuzaliwa na huruma kwa klabu ndogo. Kilizaliwa na mgomo wa matajiri. Wamiliki wa klabu waliwafungia wachezaji milango, msimu mzima wa 2004-05 ukafutwa bila hata mechi moja ya ligi kuchezwa, na kombe la ubingwa, la Stanley, likakosa mshindi. Wachezaji waliporudi mezani, mikataba waliyokuwa nayo tayari ilikatwa asilimia 24. Kikomo cha kwanza kikawekwa kuwa dola milioni 39 kwa klabu. Kufikia msimu wa 2025-26 kilikuwa kimefika dola milioni 95.5. Kwa hiyo mishahara imepanda, na mtu anaweza kusema wachezaji hawana la kulalamikia. Lakini mwaka 2023 klabu ya Ottawa Senators, isiyotwaa kombe hilo katika enzi hizi, iliuzwa kwa takriban dola milioni 950. Faida ya mauzo hayo haikuenda kwa shabiki aliyekata tiketi, wala kwa mchezaji aliyevunjika meno uwanjani.

Kuna sehemu ya mkataba wa NHL ambayo wapenzi wa kikomo huiruka kabisa. Ligi hiyo haina kiwango cha juu peke yake. Ina cha chini pia. Katika msimu wa 2025-26 kila klabu ililazimika kutumia angalau dola milioni 70.6 kwa mishahara, na hakuna mchezaji wa NHL aliyelipwa chini ya dola 775,000 kwa mwaka. Tena klabu zenye mapato makubwa huchangia zile zenye mapato madogo. Anayetaka kuileta NHL Kenya na ailete nzima. Akileta kikomo cha juu peke yake, ameleta silaha ya mwajiri na kuiacha kinga ya mwajiriwa uwanja wa ndege.

Mfano ulio karibu zaidi na hao ndugu wa Minnesota ni klabu yao wenyewe, Minnesota Wild. Tarehe 4 Julai 2012 iliwasaini nyota wawili kwa mpigo, Zach Parise na Ryan Suter, kila mmoja kwa miaka 13 na dola milioni 98. Mashabiki walishangilia. Mwaka 2021, ikiwa imebaki miaka minne, klabu iliamua kuwaondoa wote wawili kwa kuwalipa sehemu ya kilichosalia. Hapo ndipo kikomo kilipoonyesha meno yake. Katika misimu ya 2023-24 na 2024-25, dola milioni 14.7 za nafasi ya mishahara ya Wild zilihesabiwa kwa ajili ya watu wawili waliokwisha kuondoka. Kikomo cha 2023-24 kilikuwa milioni 83.5, kwa hiyo zaidi ya asilimia 17 ya uwezo wa klabu ilikuwa imefungwa kwenye majina yasiyokuwapo kikosini. Parise na Suter walilipwa, na mwenye klabu hakukosa usingizi. Aliyeumia ni shabiki aliyekuwa akiambiwa kila msimu avumilie, nafasi haipo. Kisha Septemba 2025 klabu hiyohiyo ikampa Kirill Kaprizov mkataba wa miaka minane wa dola milioni 136, mkubwa kuliko wowote katika historia ya ligi hiyo. Kikomo, kwa maneno mengine, hakijamzuia tajiri kumwaga pesa. Kimembadilishia tu mahali pa kukosea.

Je, usawa? Hapa mwenye haki atakubali jambo moja: kikomo kimepunguza tofauti kati ya klabu na klabu, na timu inayoanza msimu ikiwa dhaifu ina matumaini zaidi NHL kuliko katika ligi nyingi za soka Ulaya. Lakini tofauti ndogo ya matumizi haikuleta ugavi wa makombe. Kuanzia 2009 hadi 2017 kombe la Stanley lilichezewa mara tisa, na mara nane kati ya hizo lilikwenda kwa klabu tatu tu: Pittsburgh, Chicago na Los Angeles. Canada, nchi inayouona mchezo huo kama damu yake, haijapata klabu bingwa tangu Montreal mwaka 1993. Florida nayo, jimbo la jua ambako mshahara haukatwi kodi ya jimbo, imetoa mabingwa wa 2020, 2021, 2024 na 2025. Ukiziba njia moja ya pesa, pesa hutafuta nyingine. Tampa Bay ilipotwaa kombe mwaka 2021, ilikuwa imekipita kikomo kwa takriban dola milioni 18 kupitia kanuni ya majeruhi wa muda mrefu, na nyota wake Nikita Kucherov akasherehekea akiwa amevaa fulana iliyoitaja hesabu hiyo waziwazi.

Kuna na hii biashara ya kubadilishana wachezaji, ambayo mashabiki wa Marekani huizungumzia kwa mate mdomoni: huyu kwa yule, na nafasi ya kuchagua chipukizi juu yake. Mwaka 1988 Wayne Gretzky, bora kuliko wote wa zama zake, alipelekwa Los Angeles kutoka Edmonton pamoja na wenzake wawili, na dola milioni 15 zikawa sehemu ya dili. Mchezaji wa NHL asiye na kifungu maalumu katika mkataba wake anaweza kuamshwa na simu, akaambiwa jioni anatakiwa mji mwingine, familia itamfuata baadaye. Garissa ina mojawapo ya masoko makubwa ya mifugo Afrika Mashariki, na yeyote aliyesimama pale akawaona madalali wakishikana mikono chini ya kitambaa ili bei isijulikane anaufahamu utaratibu huo vizuri. Tofauti ni kwamba ngamia hana habari. Katika soka mchezaji hahamishwi bila ridhaa yake, na hilo ni jambo la kulindwa, si la kuonewa haya.

Ulaya yenyewe imeonja kikomo. Agosti 2021 Lionel Messi alikuwa tayari kukatwa nusu ya mshahara ili abaki Barcelona, lakini hesabu za kikomo cha ligi ya Uhispania zilikataa asajiliwe, akaenda Paris bure. Klabu ndiyo iliyokuwa imetapanya pesa. Lililompoteza Messi ni jukwaa. Novemba 2025 klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilipiga kura kukataa kikomo kinachopimwa kwa mapato ya klabu ya mwisho, zikachagua badala yake kanuni ya kubana gharama za kikosi kufikia asilimia 85 ya mapato. Kanuni hiyo inamruhusu mwenye mapato makubwa aendelee kutumia zaidi.

Sasa turudi nyumbani, ambako mjadala huu unazidi kuwa kichekesho.

Kikomo huwekwa mahali ambapo pesa zimejaa hadi zinamwagika. Soka ya Kenya haijawahi kuwa na shida hiyo. Kampuni ya kamari ya SportPesa ilipoondoa udhamini wake mwaka 2019 baada ya mvutano na serikali kuhusu leseni, Gor Mahia na AFC Leopards ziliyumba siku hiyohiyo. Miezi michache baadaye SoNy Sugar ilifukuzwa ligini kwa kushindwa kufika uwanjani mechi tatu. Haikuwa na nauli. BetKing ikaja mwaka 2020 na ahadi ya shilingi bilioni 1.2 kwa miaka mitano, ikaondoka kabla ya mwaka wa pili kukolea. Mwaka 2021 FIFA ilizifungia Gor na Leopards kusajili wachezaji wapya kwa sababu ya madeni ya watu waliowahi kuzifanyia kazi. Hizo ndizo klabu kubwa. Zilifungiwa kwa kutolipa, na kuna mtu anayependekeza zizuiwe kulipa mno!

Hata kwenye magongo yenyewe hadithi ni ileile. Kenya ilikuwa ya nne duniani katika Kombe la Dunia la kwanza la magongo ya uwanjani, Barcelona 1971, na mara ya mwisho kuonekana Olimpiki katika mchezo huo ni Seoul 1988. Wanawake wa Telkom walitawala ubingwa wa klabu Afrika kwa miaka mingi. Kampuni ilipojiondoa, timu ikalazimika kubadili jina kuwa Blazers na kuanza kutembeza bakuli. Kwa wale wa barafuni, Nairobi ilipata ukumbi wake katika hoteli ya Panari mwaka 2005, mwaka uleule kikomo cha NHL kilipoanza, na mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Vijana wa timu ya Ice Lions hucheza kwa mapenzi. Hakuna mshahara wa kuwekewa kikomo.

Kenya Police ilipotwaa ubingwa wa ligi kwa mara ya kwanza, msimu wa 2024-25, wengi walinung'unika kwamba kombe limenunuliwa na serikali. Lakini kilichowavuta wachezaji kule ni kitu ambacho Mkenya yeyote mwenye karo ya kulipa anakielewa: mshahara unaoingia tarehe inayojulikana. Badala ya kuitaka Police ilipe kidogo, ingefaa zaidi kuwauliza wengine kwa nini hawalipi kabisa.

Mashabiki wengi wa Afrika Mashariki, mzozo wa mkataba unapozuka, husimama upande wa jezi bila kuuliza. Sakata la Feisal Salum, Fei Toto, lilionyesha tabia hiyo mchana kweupe. Desemba 2022 kiungo huyo wa Yanga aliweka shilingi milioni 112 za Tanzania kwenye akaunti ya klabu ili avunje mkataba: milioni 100 kwa mujibu wa kifungu alichodai kinamruhusu, na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Piga hesabu: milioni 4 kwa mwezi, kwa mchezaji tegemeo wa klabu ambayo msimu huohuo ingefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kamati ya shirikisho la soka la Tanzania, TFF, ikaamua Januari 2023 kwamba bado ni mali ya Yanga. Mama yake alipojitokeza kusema mwanawe amekuwa akila ugali na sukari, nchi nzima ilicheka, na utani huo ukatembea hadi Mombasa na Nairobi. Ikabidi Rais Samia wa Tanzania, kwenye hafla ya Ikulu mwezi Juni, awaombe viongozi wa Yanga walimalize jambo hilo. Siku chache baadaye Fei akawa mchezaji wa Azam.

Mtu anaweza kusema Fei alikosea kisheria; mkataba ni mkataba, na kamati ilikuwa na hoja zake. Lakini waliomwita msaliti hawakuwahi kuuliza kama milioni 4 zililingana na kazi yake. Kikomo cha mishahara kingeipa klabu jibu jepesi zaidi la kumpa: tungependa kukuongeza, sheria haituruhusu.

Kaskazini Mashariki shida huanza mapema zaidi, kabla hata ya mshahara kutajwa. Huanza na karatasi.

Kwa kanuni za FIFA, mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi na anayelipwa zaidi ya gharama anazotumia kucheza. Asiye na maandishi ni wa ridhaa, hata awe amefunga mabao 30. Kanuni hizohizo zinampa mchezaji haki ya kuondoka akikosa mishahara ya miezi miwili, mradi ameipa klabu notisi ya siku 15. Haki hiyo ni ya mwenye mkataba. Kijana wa mtaa wa Bulla Iftin aliyeahidiwa kwa mdomo "utaangaliwa" hana pa kuipeleka, na chama cha wachezaji, KEFWA, hakiwezi kumtetea kwa ahadi ya mdomo.

Na ili kusaini, lazima mtu awe na jina linalotambuliwa na serikali. Kwa miongo mingi kijana wa Garissa, Wajir au Mandera aliyefikisha miaka 18 alilazimika kupigwa msasa na kamati ya wazee na maafisa kabla ya kupewa kitambulisho, jambo ambalo kijana wa rika lake wa Nyeri au Kisii hakulijua. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kuufuta utaratibu huo. Bado wapo maelfu ambao wazazi wao, wakati wa ukame, waliwaandikisha Dadaab kama wakimbizi ili wapate chakula, na alama zao za vidole zikabaki kwenye orodha ya wakimbizi ilhali ni Wakenya. Mkufunzi wa Nairobi akimtaka kijana wa namna hiyo kabla dirisha la usajili halijafungwa, hana muda wa kungoja faili itoke ofisi moja hadi nyingine. Anamchukua mwingine. Kipaji kimekosa timu, na hakuna mshahara wa mtu yeyote uliohusika.

Zipo pesa ambazo klabu za kaskazini zingeweza kuzidai, ila si kwa njia ya kikomo. Mchezaji anapouzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kuanzia mwaka wa kutimiza miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa miaka ya 12 hadi 15 unastahili robo ya asilimia moja ya ada nzima. Kila msimu kuanzia 16, nusu ya asilimia. Tuchukue uhamisho wa Victor Wanyama kutoka Celtic kwenda Southampton mwaka 2013, ulioripotiwa kuwa pauni milioni 12.5. Kwa hesabu hiyo, msimu mmoja wa kumlea mtoto wa miaka 13 unastahili pauni 31,250, ambazo kwa thamani ya wakati ule zilipita shilingi milioni 4 za Kenya. Bingwa wa kitaifa wa Chapa Dimba, mashindano ya vijana ambayo timu ya Berlin ya Garissa imewahi kuyachezea kwa niaba ya Kaskazini Mashariki, huondoka na milioni moja.

Tena hiyo haijahesabu fidia ya mafunzo, inayolipwa kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi. Kwa klabu za daraja la juu kabisa Ulaya, kiwango chake hufika euro 90,000 kwa mwaka mmoja wa malezi.

Atatokea mtu aseme: klabu za Garissa hazina uwezo wa kulipa mshahara wowote, na ukiweka kima cha chini utaziua. Ni pingamizi la kweli. Safari ya kwenda Nairobi ni kilomita zipatazo 370, na kwa timu ya ligi za chini basi la wikendi moja linaweza kumeza makusanyo ya mwezi. Lakini hakuna anayezilazimisha zijiite za kulipwa. Klabu ya ridhaa inayoandika wachezaji wake vizuri haina dhambi yoyote, na ndiyo hasa inayofaidika na fidia. Kima cha chini kiwabane wale wa ligi kuu wanaosaini mikataba kisha wakaitupa kabatini. Na kama kuna kitu cha kuazima NHL, basi ni ule mchango wa wenye nacho kwa wasio nacho: mapato ya televisheni yakiingia, sehemu yake igharimie usafiri wa timu za mbali. Hilo ndilo lingeileta Mandera kwenye ligi ya taifa.

Uongozi wa shirikisho la soka la Kenya, FKF, chini ya Hussein Mohammed, aliyechaguliwa Desemba 2024, unasikia mengi kutoka majukwaani kuhusu mishahara. Ungefaa usikie zaidi kuhusu daftari. FIFA inayataka mashirikisho yawe na usajili wa kielektroniki, kila mchezaji na namba yake, na yawe na mfumo wa kuzituza klabu zinazolea vijana hata mchezaji anapohama ndani ya nchi. Tangu Novemba 2022 malipo ya malezi ya kimataifa hupitia kituo maalumu cha FIFA kilichoko Paris, ambacho huanza kazi kwa kuisoma pasi ya mchezaji: alisajiliwa wapi, tarehe gani hadi tarehe gani. Mtoto wa miaka 13 anayecheza msimu huu Garissa bila jina lake kuingizwa kwenye usajili huo ataonekana, siku atakapouzwa, kama aliyeanza kucheza soka siku aliyofika Nairobi, na klabu ya kwanza kulipwa itakuwa ya Nairobi.